"Ikishatiwa maji si mpya tena": nilivyonunua mashine ya espresso Unguja

Naandika hasira hazijanitoka, kwa hiyo atakayesoma anipunguzie kidogo. Duka silitaji. Liko mjini, lina kiyoyozi, mashine za espresso zimepangwa kwenye kabati la kioo kama dhahabu za bi harusi. Nilimwomba kijana wa kaunta tutie lita moja ya maji tuiwashe kabla sijatoa pesa. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Shekhe, ikishatiwa maji si mpya tena. Kama wataka kahawa ya kuonja, kijiwe cha Jaws Corner kile pale."

Wateja wakacheka. Nami, kwa ujinga, nikalipa.

Kikombe cha kwanza tu, maji yalipita pembeni ya potafilta, ule mpini unaobeba unga wa kahawa, yakachuruzika kwenye mpini mpaka mezani. Atakayedhani sikukaza autazame mpini wenyewe. Mashine nyingi unaingiza mpini kushoto na kuuvuta kulia, na sili, yaani mpira wa kuzuia maji, ikiwa nzima unagoma pale unapokuelekea wewe kifuani. Huu ulipita katikati ukaenda kulia mpaka mwisho, na bado maji yanatoka. Hapo pampu haina kosa. Ni hiyo sili, pete ya mpira ndani ya kichwa cha mashine, pale mpini unapoingia, imebanwa na kuchomwa na moto mpaka imekuwa ngumu kama kifuu. Mpira mzima ukiubonyeza kwa ukucha unabonyea, kisha unarudi. Huu haukubonyea hata kidogo.

Sasa sikilizeni hili. Chini ya kichwa kuna kichujio cha bati chenye matundu madogo madogo, katikati kimeshikwa na skrubu moja. Nikaifungua. Nyuma ya kile kichujio kulikuwa na kahawa nyeusi iliyoganda, inang'aa kama lami, imeziba karibu nusu ya matundu. Uchafu ule hauji kwa kikombe kimoja. Ni mafuta ya kahawa ya miezi, yamepashwa na kupoa, yamepashwa na kupoa. Nikatoa na tenki: chini kuna mstari mweupe wa chokaa. Kumbe bwana ikishatiwa maji si mpya tena, na hii ilishatiwa zamani sana, ikafutwa kwa kitambaa, ikarudishwa kwenye boksi!

Nikairudisha. "Hiyo kahawa yako mwenyewe." Nikamwonesha sili. "Waranti ni ya umeme, mpira haumo." Nikamwambia basi nipe sili nyingine niibadilishe mwenyewe. "Kesho." Ile kesho ilichukua wiki kadhaa.

Kwa hiyo hukumu yangu ya mwanzo ilikuwa hii: usinunue Unguja. Panda boti uende Kariakoo, maduka ni mengi, chagua, rudi jioni. Nikawa namwambia kila mtu hivyo. Kisha nikapiga hesabu. Ukishavuka na boksi bandarini Malindi, mashine ikivuja unairudishaje? Nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima imepotea, na muuzaji wa kule naye ana "kesho" yake. Mtu wa Pemba ndiyo kabisa, baina yake na duka kuna bahari mbili. Na si kwamba Kariakoo watakutilia maji. Wengine watakutilia, wengine watakuuliza kama umekuja kununua au kuoga.

Njia nyingine ni jamaa wa Muscat au Dubai. Hii naipenda zaidi kuliko ninavyotaka kukiri. Umeme wa kule unaendana na wetu, volti 220 hadi 240, hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde), na plagi ni ileile ya meno matatu. Balaa linatoka kwa jamaa wa Marekani au kwenye makontena ya vitu vya Japani. Marekani ni volti 120, Japani 100. Muuzaji wa mitumba anakata plagi ya meno mawili, anafunga ya meno matatu, basi imeshakuwa "ya Uingereza". Usiangalie plagi, pindua mashine usome kibati cha chini. Elementi, kile chuma cha kupasha maji, ikiwa ya volti 120 ukiitia 230 inavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyoundiwa. Bahati yako ikiwa nzuri itakatika fyuzi ya joto peke yake. Transfoma ya kushusha inasaidia, lakini mashine ya wati 1,300 inataka transfoma ya 2,000, dude zito kuliko mashine yenyewe, na hezi haizibadilishi. Pampu ndogo zile za kutetemeka zinafuata hezi. Ya 60 ukiiendesha kwa 50 mapigo yanapungua, na maji yanakuja kivivu.

Na zile kubwa zinazouzwa hoteli zikibadilisha vyombo, za vichwa viwili, ziacheni. Soketi ya nyumbani mwisho wake ampea 13, sawa na wati 2,990 kwa volti 230. Mashine ile inataka waya wake peke yake kutoka kwenye mita. Urembo tu.

Turudi kwenye maji, maana ndiko donda liliko. Maji yetu ya visima yanapita kwenye mawe ya chokaa, kila mwenye birika la umeme anaujua ule ukoko mweupe. Pwani yanaongezeka na chumvi, na chumvi inakula boila, chungu cha ndani kinachopasha maji. Tumia maji laini ya kunywa. Maji ya betri usitie: yaliyochujwa mpaka hayana kitu yanakula chuma, mashine nyingine hazitambui hata kama tenki limejaa, na kuna chupa zinazoitwa "maji ya betri" ndani yake ni asidi. Kila baada ya miezi miwili, kutoa ule ukoko, chukua ndimu ya unga (asidi ya sitriki) gramu 20 kwa lita moja ya maji, ikoroge mpaka iyeyuke, pitisha nusu, zima, subiri dakika 15, pitisha iliyobaki, kisha suuza kwa matenki mawili ya maji matupu. Boila ikiwa ya alumini punguza muda, asidi inaila.

Kubadilisha sili wala si kazi ya fundi. Mashine ipoe. Toa kichujio. Sili iliyokufa haitoki kwa kucha: zungushia skrubu mbili nyembamba ndani ya mpira, pande mbili zinazotazamana, kamata vichwa vyake kwa koleo uvute sawasawa. Itatoka vipande vipande. Tazama ilivyolala kabla hujaitupa. Sugua mfereji kwa mswaki wa zamani, maana punje moja ya kahawa ikibaki itavuja palepale. Na upime: kipenyo cha nje, cha ndani, na unene. Unene wa milimita 8 na wa 8.5 kwa macho ni kitu kimoja, kwa mpini si kitu kimoja.

Mtanijia na "baa 15" iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo ni nguvu ya pampu ikizibwa, espresso inataka kama 9. Ulizeni chujio, kile kibakuli cha unga kinachokaa kwenye mpini. Likiwa na kuta mbili na tundu moja tu chini, linatengeneza povu hata kwa kahawa mbaya, na kwa anayetumia kahawa ya kusagwa ya sokoni ndilo linalomfaa. La ukuta mmoja linataka grainda nzuri: gramu 18 za unga zitoe gramu 36 kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30. Kahawa ya vijiweni, iliyosagwa kwa ajili ya kuchemshwa, ukiitia humo inapita sekunde nane, kama mkojo wa mbuzi.

Sasa hukumu, na naitoa nikiuma meno. Yule kijana, baada ya wiki zake za "kesho", alileta sili. Ya kipimo sawasawa. Ana na pampu, ana elementi, ana vichujio, vyote kwenye droo chini ya ile kaunta, na mpaka leo sijaona duka jingine hapa mjini lenye droo kama ile. Mashine sasa inatoa kahawa ambayo sina la kuisema. Basi nunueni kwake, lakini msitoe hata shilingi kabla haijatiwa maji. Bebeni chupa ya lita moja na nusu na bisibisi. Fungueni kichujio, tazameni nyuma. Endesheni pampu sekunde 20 bila kahawa, maji yashuke sawa kwenye matundu yote. Kisha wekeni kile kidude cha mpira cha kuzibia chujio, washeni pampu sekunde kumi, na pitisheni kidole pembeni ya kichwa, pawe pakavu. Akisema si mpya tena, tokeni. Atawaita, mimi sikutoka ndiyo maana hakuniita.

Juzi nimepita kununua sili mbili za akiba. Hakunikumbuka. Risiti vilevile hakutoa.