Kifaa cha kupima hewa ya ndani: miezi mitatu nyumbani kwangu Mabatini, Mwanza

Mwanangu wa pili ana miaka 6 na ana pumu. Mwezi wa pili muuguzi aliniuliza, "Mama, kifua kinambana hasa saa ngapi?" Nikamjibu ni jioni, jiko la mkaa likiwashwa. Sikuwa na shaka hata chembe. Nilipopokea upatu nikanunua kifaa cha kupima hewa, shilingi 290,000, bei inayouma kweli.

Ni kisanduku cha ukubwa wa kiganja. Kioo chake kinaonyesha vumbi laini (PM2.5), hewa ya ukaa (CO2, ile tunayoitoa tukipumua), joto na unyevu, na kila baada ya dakika 5 kinajiandikia namba hizo kwenye kumbukumbu yake. Baadaye unazivuta kwenye simu na kuzifungua kwa Excel. Hiyo kumbukumbu ndiyo iliyonifanya nilipe zaidi, maana vile vya bei nafuu nilivyoonyeshwa vinakupa namba ya sasa hivi tu, ukigeuka imeshapotea.

Hilo vumbi laini ni chembe zisizozidi mikromita 2.5, jicho halizioni, na zinafika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake: wastani wa saa 24 usipite mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Awali ilikuwa 25.

Nilikiweka usawa wa kichwa cha mtoto akiwa amelala, mbali na dirisha. Pembeni nikaweka daftari. Nikiwasha jiko naandika, nikifagia naandika, umeme ukikatika naandika. Tafadhali msiliache daftari, kwa sababu grafu peke yake ni milima na mabonde tu. Na kumbukeni kwamba faili linaandika 21:00, yaani saa tatu usiku yetu. Siku mbili za kwanza nilisoma vibaya kwa sababu hiyo.

Jiko letu tunaliwashia nje mlangoni. Likiwashwa namba ya vumbi ilipanda hadi 180, ikakaa kama nusu saa, ikashuka, kwani jioni madirisha yako wazi. Lakini saa tatu usiku ilipanda upya ikapita 400, na haikushuka mpaka alfajiri. Usiku wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Nikafungua daftari: saa tatu ndipo ninapochoma dawa ya mbu, ile ya duara, nafunga dirisha, nafunga na mlango. Mimi niliyekuwa nahofia malaria ndiye niliyekuwa namlaza mtoto kwenye moshi saa nane nzima. Niliumia sana.

Tulibadilisha wavu wa dirisha, tukaziba matundu ya chandarua, dawa ya kuchoma tukaiacha, dirisha likabaki wazi. Namba za usiku zikawa kati ya 20 na 35. Hewa ya ukaa, iliyokuwa ikifika sehemu 2,100 kwa milioni (ppm) kufikia alfajiri, sasa haivuki 900. Nje huwa karibu 420.

Kilima kidogo kilibaki saa kumi na moja alfajiri, nacho si chetu. Huku nyumba zimebanana kati ya mawe, na mama wa maandazi aliye chini yetu huwasha moto muda huo. Nilimwendea na simu, "Shikamoo mama, naomba uangalie hapa." Aliangalia kimya, akauliza hali ya mtoto, na kesho yake alihamishia jiko upande wa pili wa jiwe.

Kasoro zipo. Asubuhi zenye unyevunyevu baada ya mvua namba za vumbi zinapanda bila moshi wowote, kwa kuwa mwanga wa ndani ya kifaa unahesabu na matone ya maji. Unyevu ukizidi asilimia 85 siziamini. Upande wa hewa ya ukaa ulianza kusoma 560 nje, nikalazimika kukipeleka Capri Point, upepo ukivuma kutoka ziwani, nikakirekebisha hapo. Betri inakaa saa 9, si 24 kama boksi linavyosema.

Kubwa kuliko yote: muuzaji aliniambia kinapima gesi zote. Si kweli. Hakipimi kabonimonoksaidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi wa kuonekana, kwa hiyo rangi ya vumbi kwenye kioo inaweza kubaki kijani, yaani salama, huku gesi hiyo ikijaa chumbani. Nawasihi, msiingize jiko ndani eti kwa sababu kioo kinaonyesha kijani.

Ningekinunua tena, hata kwa bei ile. Muuguzi niliyempelekea grafu alikaa nayo muda mrefu, akabadilisha saa za dawa ya mtoto. Sasa kiko Igombe kwa dada yangu, anayebanika samaki kwa moshi. Nimempa na daftari. Jumamosi nafungua faili lake.