Mbegu ya kabichi kwa shamba la Malindi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ingia agroveti yoyote mjini Malindi, ulizia mbegu ya kabichi, na usishangae ukikabidhiwa Gloria hata kabla hujamaliza swali. Muuzaji hana nia mbaya. Ndiyo inayovuma bara, na picha ya pakiti inashawishi: kichwa kikubwa, kimeshonana, mikono miwili haikizunguki. Ila ile picha ilipigwa kwenye baridi. Kabichi hustawi vizuri zaidi kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, na joto likikaa juu ya 25 siku nenda siku rudi, aina nyingi hutandaza majani mapana ya kupendeza macho kisha zikagoma kufunga kichwa. Huku kwetu mwezi wa Machi hata usiku joto halishuki kufika nyuzi 20. Kwa hiyo ninapopanga mbegu hizi daraja, la kwanza ninalouliza ni kama zinafunga kwenye joto. Ukubwa wa kichwa nautazama baadaye kabisa.

Kingine cha kujua kabla ya kutoa pesa: mbegu ya kabichi utainunua kila msimu, utake usitake. Kabichi haitoi maua mpaka ipigwe na baridi ya wiki kadhaa, baridi ya nyuzi 10 au chini yake, na baridi hiyo Malindi haijawahi kufika. Anayekwambia ametoa mbegu za kabichi shambani kwake Ganda au Mambrui, mwulize vizuri, huenda anasema mchicha.

Nafasi ya kwanza naipa KK Cross, chotara (mbegu ya kuchanganya aina mbili) ya kampuni ya Takii ya Kyoto, Japani. Ilitengenezwa kwa nchi za joto, na imezunguka nyingi. Kichwa chake ni bapa kidogo, kilo moja na nusu hadi mbili, na kinakuwa tayari kama siku 60 baada ya kupandikiza. Hizo siku 60 ndizo ninazolipia. Kila wiki ambayo kabichi imekaa shambani Pwani ni wiki ya viwavi, ya kuchota maji na ya kuomba jua lipungue; aina inayomaliza mapema inakuepushia mengi. Mama mboga atakunja uso aseme ni vidogo. Mwache aseme, kwa sababu kichwa cha kilo mbili kinauzwa kizima kwa nyumba moja, bila kukatwa robo robo na kuachwa kikisinyaa kwenye meza mchana kutwa. Tatizo lake ni kupatikana: si kila duka huiweka, hivyo agiza wiki mbili tatu kabla ya kuihitaji.

Ya pili ni Globe Master, ya kampuni hiyohiyo. Nayo inavumilia joto, ila ni ya mviringo, kijani iliyokoza, na huchukua muda zaidi, karibu siku 75. Kichwa chake ni kigumu na kinasafiri vizuri, kwa hiyo kama unalima kando ya Mto Sabaki na soko lako ni Mombasa au Lamu, ipandishe iwe ya kwanza. Kwa anayeuza Malindi yenyewe au Watamu, sioni sababu ya kungoja hizo wiki mbili za ziada.

Copenhagen Market inashika nafasi ya tatu, na ndiyo ninayompa mtu anayelima kwa mara ya kwanza. Ni mbegu ya zamani yenye asili ya Denmark, si chotara, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya chotara. Ukiiunguza kitaluni huumii sana. Usitarajie vichwa vilingane: kimoja kitakuwa cha kilo mbili, jirani yake saizi ya embe. Tena ina tabia ya kupasuka. Imeshakomaa, umeiacha siku chache ukingoja bei, ikinyesha mvua ya mchoo usiku mmoja asubuhi unaikuta imefunguka juu. Ipande kwa msimu wa kipupwe tu, na ikikomaa kata.

Sugarloaf, ile yenye kichwa kilichochongoka, ni ya bustani ya nyumbani. Tamu, laini, nzuri kwa kachumbari, lakini sokoni haina wateja.

Sasa Gloria. Naiweka ya tano, na najua kuna watakaobisha. Kinangop au Molo ningeiweka juu kabisa: vichwa vya kilo tatu hadi tano, vigumu, vinakaa. Lakini inataka karibu miezi mitatu shambani na inataka ubaridi, vitu viwili ambavyo hatuna kwa pamoja. Ikiwa pakiti unayo tayari nyumbani, ipangie ianze kufunga Julai, labda itakusikiliza. Drumhead, zile bapa kubwa za kuchelewa, ziache dukani. Kabichi nyekundu panda ukiwa na oda ya hoteli mkononi. Bila oda utaila mwenyewe.

Dukani, tazama pakiti kabla ya kutazama bei. Iwe imefungwa kiwandani. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko kwenye karatasi ya nailoni usizichukue hata kwa nusu bei, kwani uozo mweusi, ugonjwa unaochora alama ya manjano yenye umbo la V kutoka ukingo wa jani, husafiri ndani ya mbegu na hautibiki ukishaingia shambani. Tafuta kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu: unakwangua, unatuma namba kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na jibu linakuja kukwambia mbegu ni halali au la. Kwangua ukiwa bado umesimama pale kaunta. Soma tarehe ya mwisho, kisha inua macho uone pakiti zilikuwa zimetundikwa wapi. Zilizoning'inia mlangoni zikipigwa na jua la saa nane, chini ya bati, na unyevunyevu huu wa bahari, zinaweza kuwa zimekufa ndani ya pakiti nzuri yenye tarehe nzuri. Omba iliyo ndani, kabatini. Mbegu ikiwa na rangi nyekundu au ya kijani imepakwa dawa. Isiachwe karibu na kuku wala watoto.

Kwa kiasi: gramu moja ina mbegu kama 250 hadi 300. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, ekari moja inachukua miche kama 15,000, kwa hiyo gramu 80 hadi 100 zinatosha, ukiacha za kufa. Bustani ya nyuma ya nyumba haihitaji zaidi ya gramu 10, na hata hizo utagawia jirani.

Kabla ya kumwaga zote kitaluni, hesabu mbegu 20, zifunge ndani ya kitambaa kibichi, weka kivulini. Siku ya tano fungua. Zikiota 17 au zaidi, endelea. Zikiota 10, rudi dukani na hicho kitambaa chako.

Tarehe nazo ni sehemu ya ununuzi, maana mbegu nzuri ikipandwa Januari ni hasara. Hesabu kutoka nyuma. Miezi yetu yenye nafuu ni Julai na Agosti, kusi inapovuma, na hapo ndipo unataka vichwa vianze kufunga. Kabichi huanza kufunga wiki sita hivi baada ya kupandikizwa, kwa hiyo pandikiza mwanzoni mwa Juni, na sia mbegu mwanzoni mwa Mei. Mei ndiyo kilele cha mvua za mwaka, hivyo kitalu kiinuliwe juu na kiezekwe makuti mepesi, la sivyo ugonjwa wa kinyausi utalaza miche yote kwa usiku mmoja, shina limenyongwa pale linapotoka ardhini. Makuti yapunguze wiki ya mwisho ili miche izoee jua.

Maji ya kitalu yaonje kwa ulimi. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na mche mchanga huvumilia chumvi kidogo sana kuliko kabichi kubwa. Tega ya mvua, ipo tele mwezi huo. Udongo wa kichanga haushiki maji wala mbolea: samadi iliyooza vizuri, viganja viwili vitatu kwa shimo, halafu matandazo ya nyasi kavu.

Adui mkubwa ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Ni mdogo, kijani, ukimgusa anajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Geuza majani kila baada ya siku tatu. Mwarobaini umejaa kila ua Malindi: twanga mbegu zake, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo na unyunyize jioni chini ya majani. Wakizidi, nunua dawa ya Bt, yaani bakteria wanaoua viwavi. Zile dawa kali za kuua kila kitu zitamaliza nyigu wadogo wanaowala viwavi hao, na wiki ijayo wamerudi wengi zaidi.

Kichwa kibonyeze kwa kiganja. Kikigoma kubonyea, kata, ukiacha majani mawili matatu ya nje ya kukikinga njiani. Shina usiling'oe kama huna haja ya haraka na shamba. Litachipua vichwa vidogo pembeni, vilegevu, visivyofaa sokoni ila vizuri sana kwa nazi.