Kutazama nyangumi kutokea Mtwapa: kwa nini nampa nahodha huyu alama zote

Kabla hujatoa hata shilingi ya safari ya nyangumi hapa Mombasa, muulize nahodha jambo moja: akimkuta mama na mtoto wake, atafanya nini? Jibu lake lina uzito kuliko ukubwa wa boti, kuliko chakula, kuliko zile picha za nyangumi aliyeruka juu wanazokutumia kwenye WhatsApp. Sisi tulibahatika kumpata mwenye jibu la sawasawa, ndiyo maana namsifu waziwazi, ingawa ofisi yao ina mambo ya kurekebisha.

Tulikwenda Agosti, shule zikiwa zimefungwa: mimi na mume wangu, binti yetu aliye gredi ya nne, na shemeji yangu aliyekuja likizo kutoka Nakuru. Boti inatokea Mtwapa, kule zinakofungwa boti za kuvulia maji makuu. Tulilipa shilingi 9,500 kwa mtu mzima, mtoto nusu. Unatanguliza kiasi kwa M-Pesa, iliyobaki unamalizia gatini. Mwenye familia kubwa hiyo si pesa ndogo, najua.

Wakala aliyetuuzia safari alituapia kwamba nyangumi lazima tutawaona. Nahodha alipotukusanya gatini alfajiri, alianza kwa kuivunja ahadi hiyo. "Hawa si wangu, siwezi kuwaahidi. Tutatafuta mpaka saa sita, tukikosa tumekosa." Mzee wa makamo, sauti ya chini, hana haraka. Nikamwamini palepale.

Sasa, bahari. Msidanganywe na maji tulivu ya ndani. Ukishapita mlango wa mwamba, rangi inageuka kutoka kijani hadi buluu nzito, na wimbi la kusi linakupokea. Hakuna namna ya kulikwepa, kwa sababu nyangumi wa nundu huja pwani yetu hasa kati ya Julai na Septemba, wengine mpaka Oktoba, na miezi mingi ya hiyo ndiyo ya kusi. Ukingoja bahari ilale wakati wa kaskazi, pomboo utawaona, lakini nyangumi hawa watakuwa wameshakwenda zao. Basi nenda umejiandaa. Meza dawa ya kuzuia kutapika kabla ya kupanda, si baada ya moyo kukuchafuka, na kula chakula chepesi. Shemeji alikuwa amepiga mahamri na mbaazi za nazi za kutosha, na hata nusu saa nje ya mwamba haikuisha, akalala ubavu. Baharia kijana alimhamishia nyuma katikati, mahali panapotikisika kidogo, akamwambia aitazame nchi kavu asiangalie maji, akamletea tangawizi. Kila baada ya muda alirudi kumwuliza, "Kaka, unaendeleaje?" Huduma ya namna hiyo huioni kwenye tangazo.

Tulizunguka muda mrefu bila kitu. Kisha baharia akanyoosha mkono: mvuke mweupe umesimama juu ya maji, upepo ukaupeperusha. Pembeni yake ukatokea mwingine, mdogo. Mama na mtoto.

Nahodha alipunguza mwendo tukiwa mbali bado, akazunguka ili asiwakate njia, akasimama umbali wa kama mita 100 kisha akazima mashine kabisa. Boti ikabaki inasukwasukwa tu. Mgongo wa mama ulitoka taratibu, mweusi unaong'aa, na ile nundu ndogo mbele ya pezi, ukachukua muda mrefu kupita. Mtoto alitoka juujuu, pupa tupu, kichwa kizima nje. Nyangumi hawa wakikua hufika mita 15 hivi na tani 30, lakini kilichonishangaza ni huyu mdogo: akizaliwa tu ana zaidi ya mita 4, karibu urefu wa matatu ya abiria 14. Binti yangu alinishika mkono, hakusema neno.

Walipumua, wakazama, wakatokea tena karibu zaidi kwa hiari yao. Tulisikia pumzi yenyewe, ule mshindo wa hewa. Hapo ndipo ilipokuja boti nyingine kutoka upande wa kaskazini, mashine imefunguliwa yote, muziki juu, ikiwaelekea moja kwa moja. Mama akabadilisha njia, mtoto akabana ubavuni mwake, wakazama. Ile boti ikawafuata walikotokea tena, wakazama tena.

Nahodha wetu aliwapigia wale kwa redio, akawasihi wasimame. Hawakusimama. Akatugeukia akasema sisi tunaondoka, boti mbili juu ya mama mmoja ni nyingi. Abiria wawili walilalamika sana kwamba wamelipa na hawajapata picha. Nilisimama upande wa mzee, na nitasimama tena, kwa sababu hii.

Mama yule ametoka bahari ya barafu ya Antaktika, zaidi ya kilomita 6,000, akaja kunyonyesha kwenye maji yetu ya vuguvugu. Huku karibu hali kitu. Chakula chake, kamba wadogo wadogo wa kule baridi, amekiacha huko. Anaishi kwa mafuta ya mwili wake, na maziwa yanayomkuza mtoto yanatoka kwenye mafuta hayohayo. Kila anapokimbizwa, anachoma akiba ambayo huku hawezi kuirudisha. Mtoto naye anatakiwa anone na apate nguvu kabla ya safari ya kurudi kusini. Picha ya simu haifikii bei hiyo. Na hawa tayari walishaonja ukatili wetu: katika karne iliyopita wavuvi waliua zaidi ya nyangumi wa nundu 200,000 katika bahari za kusini mwa dunia. Wameanza kurudi kwa wingi kwa sababu watu walikubaliana kuacha. Marufuku ya kuvua nyangumi wa kila aina kwa biashara ilianza kutumika 1986, mwaka uleule ilipotengwa Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Halafu leo tuwafukuze kwa spika?

Kuondoka kwetu hakukutunyima kitu. Mbele kidogo nahodha alizima tena mashine, akateremsha majini kipaza sauti chenye waya mrefu na kukiunganisha na spika ndogo. Mwanzoni ilikuwa mirindimo ya maji tu. Kisha sauti ikaanza chini kabisa, ikanguruma, ikapanda mpaka ikawa nyembamba, ikakatika, ikarudia palepale ilipoanzia. Binti yangu akauliza, "Babu, analia?" Mzee akacheka. "La, mwanangu. Huyo ni dume, anaimba. Majike hawaimbi hivi." Akamweleza kwamba madume wa bahari moja huimba wimbo mmoja, na wimbo wenyewe hubadilika polepole mwaka hadi mwaka. Hata wale abiria wawili walinyamaza wakasikiliza. Dume mwenyewe hatukumwona. Kwangu mimi, hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya pesa yetu.

Wakati wa kurudi tulipitiwa na pomboo, wakacheza mbele ya boti mpaka karibu na mwamba.

Kasoro. Wakala wao aache kuuza ahadi, nimewaambia ofisini. Kivuli ni kidogo, beba kofia na nguo ya mikono mirefu, jua la baharini linachoma hata kukiwa na mawingu. Chakula kilikuwa sambusa na tikiti maji, cha kawaida. Lililoniudhi kweli ni jaketi za kujiokoa: za watu wazima zilikuwa nzuri, lakini ya binti yangu ilikuwa kubwa, inampanda mpaka masikioni. Baharia aliikaza kwa kamba kabla hatujaondoka, ila mtoto hapaswi kwenda maji makuu na kitu cha kukazwa kwa kamba. Ofisi imesema itanunua za watoto. Ukienda na mwanao, mvalishe hapo gatini, shika mabega ya jaketi uivute juu. Ikimfika kidevuni, omba nyingine, na kama haipo, usipande.