Mkanda wa Petzl Sequoia: miaka miwili juu ya miti ya Tanga

Wakuu, hii naandika kuhusu mkanda wa usalama wa kupandia miti, kwa vijana wanaokatia mti hukohuko juu, sio wale wa kuangusha mti mzima shambani. Nasema sisi tunaoitwa mwembe ukishainamia bati la mtu, ukuta wa jirani huku, nyaya za umeme kule, huwezi kuuangusha, inabidi upande uushushe kipande kipande kwa kamba.

Babu yangu alikuwa mkwezi wa minazi Pangani, baba vilevile, na mimi nimeanza hivyohivyo, kamba ya miguuni na panga kiunoni. Ila mwembe sio mnazi jamani. Mnazi unalikumbatia shina, unafika kileleni, kazi iko palepale. Kwenye mwembe kazi iko mwisho wa tawi, mbali na shina, na mkononi una chenso.

Kabla ya huu Sequoia nilikuwa navaa mkanda wa ujenzi, ule wa maduka ya vifaa, ndoano yake iko mgongoni, na naona bado vijana wengi ndo wanaupandia. Ule ni mkanda mzuri kwa mtu aliyesimama kwenye jukwaa la mafundi, akiteleza unamdaka, basi, haukutengenezwa ukukalishe ufanye kazi. Mwenzangu aliteleza nao kwenye mwarobaini, ukamdaka kweli, lakini akabaki ananing'inia uso chini, mikono haifiki kamba iliyoko mgongoni, mishipi inambana mapajani, akaanza kusema miguu inakufa ganzi. Mtu akining'inia hivyo bila kuchezesha miguu damu inakwama huko chini na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na sisi hatukuwa na seti ya pili ya kumfuata, tukakimbia kuomba ngazi kwa jirani. Alishuka mzima alhamdulillahi, lakini usiku ule sikulala, ndo nikaanza kutafuta mkanda wa miti wenyewe.

Nikamuagiza shemeji yangu aliyeko Uingereza anitumie Sequoia, ya Petzl, kampuni ya Wafaransa. Mpaka unafika Tanga pamoja na usafiri ulishavuka milioni moja ya kibongo, najua ni hela nyingi. Ni mkanda wa kukalia, mpana kiunoni, una mishipi miwili ya mapajani, pete mbili za pembeni za kufungia kamba ya kuzungushia shina, halafu mbele kuna kikamba kifupi kimetoka nyonga hii kwenda nyonga hii. Lebo yake imeandikwa EN 358 na EN 813, namba za viwango vya usalama vya Ulaya. Ya kwanza ni ya kuegemea shina mikono ikiwa huru, ya pili ni ya kukaa ukiwa unaning'inia. Ukinunua mkanda wowote wa miti tafuta hizo namba mbili.

Kile kikamba cha mbele ndo kimenifanya niandike. Pete ya kamba kuu, ile ya kutoka juu inayokubeba, inateleza juu yake, kwa hiyo ukigeuka kulia inakufuata kulia, ukiegemea nyuma inakaa katikati. Kuna siku Raskazone nilikuwa natembea kwenye tawi la mwembe kuelekea nchani, kamba kuu nimeipitisha kwenye panda ya juu kabisa, nikagusa kiota cha majimoto, yale yanayoshona majani. Yakanipanda mkono mzima mpaka shingoni. Na ule mkanda wa zamani ningehangaika nikapoteza miguu, lakini hapa nilikaa tu, nikaachia tawi, nikabembea taratibu mpaka kwenye shina, mikono yote miwili huru, nikayapangusa, nikarudi kumaliza tawi. Sikushuka.

Kazi ya masaa manne, kiuno hakiumi kama zamani. Joto la pwani lipo palepale, jasho linajaa mgongoni, hilo ni la Tanga sio la mkanda, mimi navaa fulana ya pamba ndani na nauanika kivulini kila jioni. Utomvu wa embe naufuta kwa maji na sabuni ya kawaida tu, petroli hapana, na usiuweke gari moja na dumu la mafuta ya chenso au betri, asidi inakula nyuzi bila wewe kuona.

Sasa sikilizeni hapa, maana mkanda peke yake haukuokoi. Huu sio wa kudaka mtu anayeanguka kutoka juu, ni wa kukalia, kwa hiyo kamba kuu isilegee, panda ya kufungia iwe juu yako muda wote. Ukiwasha chenso lazima uwe umeshikwa na vitu viwili, kamba kuu pamoja na ile ya kuzungushia shina, maana ukikosea ukakata moja inabaki nyingine. Ile ya shina mimi natumia yenye waya ndani, chenso haiipitii haraka, ila waya unapitisha umeme, kwenye nyaya usiende nayo kabisa, waite TANESCO wakate umeme kwanza. Na spaiki za miguuni, zile za kuchoma shina ukipanda, ni za mti unaoondolewa tu, ukizivaa kupunguza matawi unauachia mti vidonda shina zima. Mnazi uliokufa kwa ule ugonjwa wa kunyong'onyea msipande hata mkiwa na mkanda gani, shina linaoza ndani na nje bado linaonekana zima.

Kingine ni spea. Kikamba cha mbele kinaisha, kinasuguliwa kila siku, na kinabadilishwa, lakini hapa Tanga sijakiona dukani, agiza cha akiba siku ileile unayoagiza mkanda. Mimi kila asubuhi nakipitisha vidoleni taratibu, nikisikia sehemu laini au imevimba nabadilisha. Na ya mtumba muwe macho, kuna jamaa aliniletea mmoja wa bei chee, lebo imekatwa. Petzl wenyewe wanasema vitu vyao vya kitambaa na plastiki mwisho miaka 10 tangu vilipotengenezwa hata kama havijavaliwa, sasa bila lebo utajuaje? Nilimrudishia.

Mimi naupa 9 kwa 10, moja nimeitoa kwa sababu ya bei. Mwaka huu nimeongeza wa pili, unakaa chini na kamba yake, kuna kijana anajua kupanda, kazi yake ni kunifuata nikikwama. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua mkanda, chenso ukodi. Na saizi ziko tofauti, pima kiuno ukiwa umevaa suruali yako ya kazi, sio kaptula.