Bunge au mahakama: nani amzuie rais wa Marekani?

Wanaohofia udikteta Marekani hutegemea vizuizi viwili. Kwenye karatasi Bunge ndilo lenye meno: Baraza la Wawakilishi hushtaki, Seneti huhukumu kwa theluthi mbili. Lakini Februari 2021, baada ya wafuasi wa Trump kuvamia jengo la Bunge Januari 6, maseneta 57 walitaka yeye (aliyekwisha kuondoka madarakani) atiwe hatiani; zilihitajika kura 67. Nionavyo, chama kiliishinda katiba.

Mahakama huenda polepole, ila majaji, hata baadhi ya aliowateua Trump mwenyewe, walitupa kesi za kupinga uchaguzi wa 2020. Kisha Julai 2024 Mahakama ya Juu ikawapa marais kinga pana ya jinai! Hata hivyo ningeanza na mahakama: jaji wa shirikisho hahofii kura za mchujo za chama, kama mbunge.