dúchas.ie: magugu na dawa za mashamba ya Ireland (nyota 4 kati ya 5)

Kama unafanya kazi shambani huku Ireland, au una kibustani tu nyuma ya nyumba, tovuti hii ni yako, na ni bure. Ina maandishi ya watoto wa shule za msingi wapatao 50,000 ambao, kati ya 1937 na 1939, walitumwa kuwauliza wazazi na majirani mambo ya kale. Maandishi yenyewe yanatunzwa University College Dublin.

Mimi ni wa Kinangop, Kenya, siku hizi nakamua ng'ombe County Clare, kwa hiyo nilikimbilia sehemu ya mimea. Hapo ndipo penye utamu! Mtoto anataja kwanza magugu yanayowasumbua kwao: mbigili, dock (gugu lenye majani mapana), ragwort (gugu la maua ya njano lenye sumu kwa mifugo). Kisha anaeleza lipi linatibu nini. Nettle, ule mmea unaowasha ukiugusa, yaani thabai, ililiwa mara tatu mwezi wa Mei kusafisha damu, na sisi tunaoiponda kwenye mukimo, chakula chetu cha viazi na mboga, hatuhitaji kushawishiwa. Ukiwashwa nayo, unasugua jani la dock. Mzizi wa comfrey, mmea wa majani yenye vinyweleo, ulipondwa ukafungwa kwenye kifundo kilichoteguka. Ribwort, lile jani jembamba lenye mishipa iliyonyooka toka shina hadi ncha, lilitafunwa likabandikwa kwenye jeraha ili damu ikate. Hilo limejaa mlangoni pa zizi letu, na nilikuwa nalikanyaga kila asubuhi.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya utafutaji. Kila mtoto aliandika jina la mmea kama lilivyotamkwa kwao, basi itabidi ujaribu majina kadhaa. Kurasa nyingi ni za Kiayalandi, kwa herufi za zamani. Halafu zile kaunti 6 za Ireland Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, hazimo.

Tafadhali, msisome haya kama cheti cha daktari. Comfrey usiinywe kabisa, inaharibu ini. Ragwort nayo ng'ombe huikwepa ikiwa mbichi kwa uchungu wake, lakini ikikaukia ndani ya nyasi zilizokatwa na kuhifadhiwa kwa lishe ataila, na sumu bado imo. Ndiyo maana sheria ya Ireland ya magugu hatari ya 1936 inamlazimu mwenye shamba kuiangamiza.

Ukiingia, tafuta kwanza jina la mahali unapoishi, kisha fungua picha ya ukurasa wenyewe usome mwandiko wa mtoto. Majirani zangu wazee wamewakuta humo mama zao wakiwa bado wanafunzi.