Uzoefu wangu: darasa la Jumamosi la potifolio kwa binti yangu anayetaka grafiksi

Binti yangu yuko form six, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), shule yao somo la kuchora halipo kabisa, ila huyu mtoto tangu mdogo anachora na akili yake yote iko kwenye grafiksi. Tulipoanza kuangalia vyuo vya Afrika Kusini tukakuta vingi vinataka potifolio, yaani matokeo peke yake hayatoshi, wanataka waone kazi zako. Mi nikajua ni kukusanya michoro mizuri tu unaweka kwenye faili basi.

Mwalimu wa kwanza tulielekezwa na mtu, tukalipa laki na nusu, simtaji. Kila mchoro wa mtoto alikuwa "anaurekebisha" yeye mwenyewe, nikawa naona kazi zinapendeza kweli, kumbe nusu ya mistari ni ya mwalimu. Siku binti aliponiambia mama hii sio yangu, nikamtoa. Mzazi ukiona kazi imependeza ghafla ndani ya wiki mbili, uliza ni mkono wa nani.

Sasa hapa pa pili ndo nataka kupasifia. Ni dada mmoja dizaina, anafundishia nyumbani kwake, watoto sita tu, Jumamosi saa tatu mpaka saa saba, elfu 30 kwa siku, tumeenda wiki 12. Siku ya kwanza alitandaza michoro yote ya binti sakafuni, ilikuwa 23, sura za wasanii na katuni za Kijapani, zote binti kazinakili kutoka picha za kwenye simu, afu dada akabakisha minne. Mtoto alilia kwenye bajaji njia nzima. Nikampigia simu yule dada na hasira zangu, akanielewesha taratibu: ukinakili picha ya simu unaonyesha una subira ya mkono, lakini aliyepiga ile picha ndo aliyechagua mwanga upande gani, sura ikae wapi, nini kikatwe, wewe hujaamua kitu, na chuo kinatafuta mtu anayeamua. Basi kuanzia hapo ni kuchora vitu vilivyopo mbele ya macho, jiko la mkaa, viatu mlangoni, mkono wake wa kushoto mara ishirini na kitu.

Kilichonigusa zaidi ni kanga. Aliwaambia kila mtu aje na kanga ya mama au bibi, wakaitandika, wakapima kwa rula pindo linachukua kiasi gani, mji, yaani ile sehemu ya katikati, uko wapi, jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, limekaa wapi na herufi zake zina ukubwa gani, maana jina lazima lisomeke mgongoni kwa mtu anayetembea. Mi kanga nimevaa maisha yangu yote, sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu alikaa akapanga vile. Afu wakakata herufi zao kwenye manila kwa mkasi, wiki tatu hamna kugusa laptopu. Baadae ndo wakaingia Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure, nilishukuru sana kwa hilo.

Kazi kubwa ya mwisho ilikuwa bango la mama ntilie wa pale kituoni kwetu. Binti alikaa nae siku mbili anaangalia wateja wanavyokuja, akachora skechi 41, na zile mbaya zote zikaingia kwenye potifolio, kurasa nne nzima! Mi nilitaka liwekwe lile zuri tu, dada akakataa katakata, akasema njia uliyopitia mpaka ukafika ndo inayosomwa.

Mapungufu yapo. Rangi na karatasi za A3 hazimo kwenye ada, unanunua mwenyewe na zinakula hela. Kupiga picha za kazi hawakufundishwa, tukapiga usiku chini ya balbu zote zikatoka za njano, ikabidi turudie asubuhi barazani bila flashi. Na ile PDF ilikuwa nzito mno fomu ya chuo ikaikataa, tumehangaika siku nzima kuipunguza, bando likaisha. Ningemwomba atenge Jumamosi moja kwa hayo tu. Kingine wiki 12 ni chache, kama mwanao yuko form five mpeleke sasa hivi.

Wiki iliyopita binti kaitwa usaili wa video. Anasema michoro mingine waliipita haraka, wakaganda kwenye bango, wakamuuliza kwa nini neno WALI ni kubwa kuliko jina la mwenye biashara. Akawajibu mama ntilie mwenyewe ndo alichagua hivo, kwa sababu wateja wake wanalisoma wakiwa ndani ya daladala inayotembea. Majibu bado, ila bango lipo pale kituoni, limeshapigwa jua mwezi wa pili sasa.